Kisima cha Sadaka

Mwaka ule wa kabla ya Uhuru, Mtongwe nzima ilikuwa ikizungumza habari za bendera. Mimi macho yangu yalikuwa kisimani.

Mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, alikuwa kigoli aliyepata nafasi katika skuli ya wasichana ng'ambo, mjini. Mwanzo alikwenda vizuri. Halafu kila asubuhi ikawa vita. Atavaa nguo za skuli, atakunywa chai, akifika mlangoni mikono yamtetemeka na pumzi yamkatika kama mtu aliyezama. Nilimkaripia. Siku moja nilimkokota mpaka kivukoni, akatapika mbele za watu, nikarudi naye. Nilimpeleka kwa maalimu, akamwandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani sahanini, akaziosha kwa maji, mtoto akalinywa lote. Asubuhi yakawa yale yale. Nikasema basi, skuli ingoje.

Nikadhani atapumua. Akazidi kunyamaza. Mchana mmoja napepeta mchele, akaniambia taratibu kama atoaye habari za mtu mwingine:

"Bibi, natamani nilale nisiamke."

"Sema astaghfirullah!"

"Astaghfirullah," akasema. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Mimi si mtu wa kuogopa. Nimezika mume na mtoto. Lakini tokea saa ile, akienda chooni nahesabu pumzi zangu mpaka arudi. Akilala namwekea mkono puani. Kisima kikawa chanitazama.

Kisima kile kipo uani kwetu, lakini mume wangu alipokichimba alikitoa sadaka. Mtaa wote huja kuteka, na mlango wa ua haujapata kufungwa. Mimi niliufunga. Nikatia komeo, nikaficha ndoo na kamba chini ya kitanda, na juu ya kisima nikaburura mbao na mawe.

Jua halijapanda, jirani yangu akaja na mtungi wake. Yule mdomo wake ni upanga.

"Hodi! Hodi wenyewe! Mumehama ama mumekufa?"

"Leo hakuna maji," nikamjibu kwa ndani.

"Kisima kimekauka?"

"Nenda bombani."

"Bombani! Kwani marehemu alichimba bomba? Wazungu hawajaondoka, na wewe ushajifanyia serikali yako? Maji ya sadaka yatiwa komeo, wallahi sijaona!"

Nilikuwa natafuta uongo wa kumpa. Mjukuu wangu akanipita, akafungua komeo mwenyewe.

"Shikamoo," akamwambia. "Bibi amefunga kwa sababu yangu. Aniogopea."

Jirani alikuwa ameshika kiuno, tayari kwa ugomvi. Mkono ukamwanguka. Alimtazama mtoto, akayatazama yale mawe juu ya kisima, akafahamu. Nilingoja aseme neno la jini, au la aibu, mtaa upate la kutafuna. Aliketi kwenye kizingiti kama aliyekuja kushinda.

"Mwanangu."

"Abee."

"Kiuno changu leo kimekataa kuinama. Ateke maji nani, mimi?"

Mtoto akanigeukia. "Bibi, kamba iko wapi?"

Nikimnyima, nimemwambia mbele ya mtu kwamba simwamini na roho yake. Nikimpa, je? Jirani hakunisaidia. Alikuwa akijipepea kwa ncha ya leso, akinitazama.

Nilikwenda chini ya kitanda, nikaleta kamba na ndoo. Tukaondoa mawe sote watatu, na jirani akasahau kwamba kiuno chake kimekataa kuinama. Mtoto akasimama ukingoni, akashusha ndoo. Mimi nyuma yake nilikamata pindo la leso yake, nikalizungusha mkononi mpaka vidole vikafa ganzi.

"Bibi, wanivuta."

"Najua. Teka."

Aliteka. Ndoo ikapanda polepole, ikagonga ukuta, ikatoka na maji.

"Ujaze mtungi vizuri," jirani akasema. "Usinitilie nusu. Na kesho nitakuja tena, kiuno hiki si cha kupona leo."

"Haya," mjukuu wangu akasema. "Njoo kesho."

Hapo ndipo nilipoliachia pindo.