Posa Iliyowahi kwa Saa Nzima

Jamani, naona aibu hata kusimulia, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko shangazi Mwanaidi, maana yeye huongeza chumvi. Mwezi Machi nilikuwa mshenga wa binamu yangu Idrisa, na binti alishatuonya kwamba baba yake ni mkali, atatupima kwa adabu zetu, kwa hiyo tukiharibu siku hiyo Idrisa hana mke.

Ilikuwa ile Jumapili ambayo Uingereza nzima inasogeza saa mbele. Kompyuta yangu ina mifumo miwili ya kuiendesha, yote ikitumia saa moja ya ndani, ukiwasha unachagua utumie upi (msiniulize ya nini, sisi watu wa kompyuta tuna majivuno yetu), na yote nilikuwa nimeiruhusu ibadilishe saa yenyewe. Asubuhi nikawasha wa kwanza kuchapa barua ya posa, ukasogeza saa mbele, kisha nikawasha wa pili nisikilize muziki huku napiga pasi kanzu, nao, bila habari kwamba mwenzake ameshaifanya kazi hiyo, ukasogeza tena (na mtandao wa kuurekebisha ulikuwa umekatika), nami nikaiweka saa yangu ya mkononi kwa kuifuata kompyuta.

Shangazi akatazama simu yake, akasema mbona bado mapema. Nikamjibu simu yake haijajibadilisha. Ya Idrisa ikasema vilevile, nikasema nayo bado. Tulipofika stesheni ya Barking na saa ya ukutani ikaungana na simu zao, nikasema wafanyakazi wamesahau kuisogeza, na kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa ukoo, wakanifuata.

Tuliitwa saa nane mchana. Saa saba tukagonga mlango kule Woolwich. Akafungua baba mtu mwenyewe, kavaa msuli na fulana, povu la kunyolea shavu moja, na nyuma yake mama mtu, kichwa kimejaa hina na kufungwa mfuko wa plastiki, akakimbilia jikoni. Nikaishika barua kwa mikono miwili, nikasema tumefika kwa wakati.

“Wakati wa wapi?” akauliza mzee.

Idrisa akanisogezea simu yake usoni, na hapo nikajua nimemharibia. Nikaungama yote, mifumo miwili, simu, mpaka saa ya stesheni, huku povu likimkauka mzee shavuni.

“Kwa hiyo wawili wamefanya kazi moja bila kuambizana,” akasema.

“Ndiyo, mzee.”

“Haya, ingieni. Lakini saa ya harusi tutapanga sisi, na wewe utakuja nyuma ya shangazi yako.”

Idrisa ameoa, namshukuru Mungu. Kwenye kompyuta nimeacha mfumo mmoja tu wenye ruhusa ya kugusa saa, na mtu akiniuliza saa ngapi, kwanza namtazama shangazi.