Wewe wa Faki Yupi?

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipofuatana na ami yangu kutoka Wingwi kwenda Kiuyu kumposa Mize. Ada yetu kijana hubaki nyumbani wazee wakamposea, na kubaki nyumbani ndiyo kazi pekee niliyokuwa fundi wake. Siku hiyo nikajifanya mtembezi.

Babake Mize, Mzee Shaame, akaniuliza mimi wa nani. Mdomo ukanitangulia. Nikamwambia babu yangu ni Faki, jina lililotoka kwa Waarabu, maana yake mjuzi wa sheria za dini, na liko mpaka Ngazija na Sudani. Ami akakohoa. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Hapa Kiuyu," akasema mzee, "ukirusha jiwe litampata Faki, na atakayekuja kukugombeza ni Faki mwengine. Weye wa Faki yupi?"

Sikujua. Babu alifariki sijazaliwa.

"Basi kaulize. Mie simuozi mwanangu kwa jina."

Nikarudi miguu inauma, na moyo zaidi, maana Mize alikuwa na waposaji wengine mlangoni. Shangazi yangu, Bi Time, nilimkuta akipepeta mchele. Alicheka kwanza, ndipo akanieleza. Mamake babu alishikwa na uchungu shambani, msimu wa karafuu. Mchumaji mmoja wa kutoka bara akambeba mgongoni hadi kwa mkunga. Mtu yule alikuwa amesilimu karibuni tu, akapewa jina la shehe aliyemsilimisha. Mtoto, ndiye babu, akaitwa Faki kwa jina la mchumaji yule.

"Huyo mwanachuoni wako," akasema shangazi, "herufi ya alifu na kijiti kwake vilikuwa kimoja."

Nikarudi Kiuyu nikayasema yote, macho chini. Mzee Shaame akaagiza kahawa.

"Sasa una babu," akasema. "Yule babu wa Alhamisi alikuwa na jina tu."

Mize ndiye huyu anayenifukuza kibarazani kila asubuhi apate kufagia.

Mwanangu, kwetu jina la tatu ni la babu, na mjukuu akizaliwa hurudishiwa. Ndiyo maana akina Faki wamejaa toka Wingwi hadi Madungu, na wengi wao hawana udugu. Usijivunie maana ya jina lako kabla hujamjua aliyelibeba, na aliyembeba yeye. Kuuliza si ujinga. Waulize wazee wako wangali na meno ya kukuchekea. Mwenyezi Mungu akujaalie wa kukujibu, na siku moja mjukuu wako aitwe jina lako, kwa mapenzi.