Asumini Juu ya Jiwe

Jiwe lenyewe nililitoa uani, ambako kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usijipige kwa upepo. Lilikuwa jeusi na laini, saizi ya mkate wa mofa. Hapa kisiwani jiwe laini si kitu cha kuokota njiani. Mawe yetu ni ya matumbawe, yana vitundu, na hunywa rangi mpaka mtu akate tamaa. Nililiosha kwa sabuni, nikalianika juani, nikalipiga mkono mmoja wa rangi ya kijani. Kisha nikakaa mkekani na vichupa vya akriliki nilivyonunua duka la vifaa vya shule, nikaanza kuchora asumini.

Mamangu alikuwa kwenye eda. Alikaa karibu na dirisha na nguo zake nyeupe, hatoki, hajifukizi udi wala hajitii manukato. Baba, enzi za uhai wake, kila Alhamisi alirudi nyumbani na asumini za kumletea, zimefungwa kwenye gazeti. Eda ilipoingia, asumini nazo zikakoma.

Akriliki hukauka upesi, haimsubiri mtu anayesitasita. Nami nilisita sana. Petali moja ilitoka nene, nyingine ikapinda. Mama aliniomba jiwe, akalisogeza puani.

"Lanuka rangi," akasema. Akaligeuza. "Na hii si asumini, mwanangu. Hili ua la mpapai."

Tulicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akanirudishia jiwe, akageukia dirisha. Nikapaka vanishi.

Sikuchora kwa kujipumbaza. Nilitaka nilijue kaburi la baba. Siku ya maziko sisi wanawake tulibaki nyumbani, kama ilivyo desturi. Jeneza lilitoka mtaani kwetu Kuze mabegani mwa wanaume, mimi nikabaki na kilio na masufuria. Jina kaburini halikuandikwa, kwa kuwa mwenyewe alikataza. "Jina langu mwalijua nyinyi, yatosha," alikuwa akisema. Kwa hiyo nilichokuwa nacho ni maneno ya kakangu tu: ukiingia utaona mti wa mwarubaini, baba yuko mkono wa kulia. Nilikwenda Ijumaa moja alasiri, nikaona mwarubaini, nikaona kaburi bichi kulia kwake na jengine bichi kushoto. Nikakaa kulia, nikasoma Yasini, nikaliweka jiwe langu upande wa kichwani.

Ijumaa iliyofuata jiwe lilikuwa kwenye kaburi la kushoto.

Nikalirudisha. Nilipokwenda tena, limehama tena. Nikamvaa mlinzi wa makaburi kwa maneno, naye akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba yeye hufagia majani tu. Nikawashuku watoto. Nikawashuku jamaa wa yule maiti mwengine, kwamba wamelipenda jiwe langu wakaona walifanye lao. Kuna siku, bila kumwambia mtu, niliwashuku hata majini. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa, mama akiuliza, "Umemsalimia babako?" namjibu ndiyo, na roho yangu haina raha.

Siku moja nikaenda asubuhi, si wakati wangu. Nikamkuta kakangu ameinama, jiwe liko mikononi mwake.

"We! Wafanya nini?"

"Nalirudisha kwa baba," akasema. "Kuna mtu asiyekuwa na haya, kila nikija amelihamisha."

"Mtu huyo ni mimi! Si wewe uliyenambia kulia?"

"Kulia, ndiyo." Akaniangalia. "Kwani wewe waingia kwa mlango upi, dadangu?"

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Wanaume huingia na jeneza kwa lango kubwa la barabarani. Sisi wanawake hupita kwa kilango cha nyuma, kinachotokea vichochoroni. Kulia kwa kakangu ni kushoto kwangu. Yasini zangu zote nilikuwa nikimsomea mtu nisiyemjua. Nikaona haya, nikaona hasira, nikataka kucheka na kulia pamoja.

"Angalau wewe una hakika," nikamwambia.

Aliutazama mwarubaini kwanza, kisha kaburi hili, kisha lile.

"Walizikwa wawili alasiri ile," akasema. "Mimi macho yalikuwa yamejaa machozi, sikuona mti wala mtu. Baadaye ndipo nilipoambiwa ni kulia. Sasa yule aliyenambia, alikuwa amesimama wapi…"

Tukabaki tumesimama katikati, watoto wawili wazima, hatujui tumkabili baba kwa upande gani.

Jiwe la pili nililichora juu ya tumbawe la uani, kwa kuwa jiwe jengine laini sikulipata. Rangi ilizama kwenye vitundu, nikapiga mkono wa pili, wa tatu, maua yakatoka na makovu. Nikaliweka kaburi la kulia kwangu, lile jeusi likabaki kushoto. Mama hatukumwambia. Tungemwambia nini?

Eda ikaisha. Alipooga na kubadili nguo, jambo la kwanza aliagiza asumini, za kweli, akazifunga kwenye leso, tukamchukua hadi makaburini. Alisimama chini ya mwarubaini akayaona mawe mawili yenye maua.

"Babenu yupi?"

Kakangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Ikabidi niseme, na nikasema yote, milango, mikono, machozi. Nilingoja anilaumu. Mama alifungua leso, akagawa asumini mafungu mawili. Fungu moja akalimwaga kulia, la pili kushoto, taratibu, asibakishe hata moja.

"Babenu alikuwa na wivu," akasema akijifuta vidole. "Hii leo nimempa mwanamume mwengine asumini zake. Atanijia ndotoni anigombeze, nami ntamuuliza yeye ni yupi."