Zamu ya Mugongo wa Priscille

Ungemuuliza Priscille mwaka ule wa tisini na saba anaogopa kitu gani, asingekutajia vita ya ng'ambo, kwao Congo, wala mawimbi ya ziwa Mweru. Angesema mugongo. Magunia ya samaki makavu aliyobeba miaka kumi na tano kati ya Kilwa ya Congo na Nchelenge, huku kwetu Zambia, yalimulaza miezi mitatu, akienda chooni kwa magoti, mpaka mutawa mumoja wa kizungu akamufundisha yoga: mikunjo minane, kila asubuhi, juu ya mukeka. Mugongo ukafunguka. Tangu hapo hakukosa hata asubuhi moja, maana alijua kabisa kichwani mwake kwamba siku atakayoacha utajifunga tena, na safari hii hautafunguka.

Basi mwezi wa saba, upepo wa baridi ukitoka ziwani, gripe ikamushika. Na si gripe ya muchezo. Pua zimeziba, kifua kinawaka, mifupa yote inauma. Thelma, jirani yake Mubemba anayeanika dagaa, akamwambia alale. Alale wapi huyu! Alichemsha majani ya mulimau, akajifukiza chini ya blanketi mpaka jasho likamwagika, kama tunavyofanya sisi wote, kisha akatoka vile vile, mwili umelegea, moja kwa moja kwenye mukeka. Mukunjo wa tatu ni ule wa kuinamisha kichwa chini. Akainama, na macho yakaingia giza.

Thelma alimukuta ameanguka upande, uso kwenye muchanga, anakohoa bila kupata pumzi. Akamuinua, akamunywesha maji, akamugombeza kwa Kibemba na kwa Kiswahili chote cha sokoni anachokijua. Priscille alilia. Hakulilia kuanguka. Alikuwa amechoka, amechoka na kuogopa kila asubuhi, na mikunjo sita ilikuwa bado.

"Leo pumua tu, mama Priscille," Thelma akasema. "Polepole. Miguu weka kwa ukuta. Ile ingine nitakufanyia miye."

Ambaye hajaishi kwetu atacheka. Lakini huku, mutu akishikwa na homa siku ya zamu yake ya wavu, mwenzake anavuta kamba kwa jina lake, na samaki ni wa mugonjwa. Hakuna wa kubisha. Basi Thelma, mwanamuke muzito aliyekuwa akicheka kila siku hayo mambo ya bazungu, akakaza chitenge, akashuka kwenye mukeka. Priscille alimwelekeza kwa sauti iliyokauka. Hakuamini hata kidogo, ila hakuwa na nguvu za kukataa. Siku tatu walifanya hivyo.

Siku ya nne homa ikashuka. Priscille alifungua macho, akabaki kitambo bila kujisogeza, kwa woga. Kisha akainuka. Mugongo ukainuka naye, haukuuma popote. Akashika ukuta, akacheka peke yake, akaenda kumupasha Thelma habari.

Thelma alikuwa kitandani, ameshika kiuno, hawezi hata kugeuka.

Priscille alitandika mukeka kando yake, akaanza na mukunjo ule mwepesi kuliko yote, taratibu, maana kifua kilikuwa bado.

"Pumua tu, mama Thelma," alisema. "Leo njo zamu yangu."