Mkaa wa mifupa unavyomweka Coletha roho juu

Saa mbili asubuhi, Coletha Maduhu anamwaga shimoni mkaa usio na kasoro yoyote ya kuonekana. Ni mweusi, mkavu, umechekechwa hadi punje zikalingana kama mtama. Anaufukia kwa jembe huku akitupa jicho njiani, utadhani anaiba.

Mkaa huo si wa kupikia. Coletha (46), mkazi wa Songwa wilayani Kishapu, hukusanya mifupa inayobaki kwa wauza supu, huiosha, huianika, kisha huichoma ndani ya pipa lililozibwa kwa udongo. Hewa ikipenya, anaambulia majivu meupe yasiyofaa kitu. Moto ukiwa hafifu, maji yatanuka. Mifupa ikitoka myeusi, huitwanga na kuijaza kwenye ndoo za kuchujia maji.

Kisima wanachotegemea kina floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno ya watoto yangali ndani ya fizi. Mkaa wa mifupa huyanasa. Nelly, bintiye Coletha, ana miaka kumi na tisa na bado hucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kwa huyu nilichelewa," Coletha anamwambia mwandishi. "Nikasema basi, wa jirani wasichelewe."

Mwanzoni majirani walimteta kweli kweli. Mwanamke mzima kuokota mifupa, tena Usukumani, ni kujitafutia maneno ya uchawi. Aliyemtoa aibu ni jirani yake, Mama Kamili, Mwislamu anayeheshimika, aliyeweka ndoo jikoni kwake na kuwakaribisha watu waonje maji. Alitoa sharti moja tu: mifupa iwe ya ng'ombe au mbuzi aliyechinjwa kwa taratibu za dini yake. Coletha akaahidi.

Jumatatu iliyopita, akikung'uta gunia jipya, likadondoka taya la nguruwe.

Samwel, dereva wa bodaboda anayemletea magunia, alipobanwa alikiri kwamba yakipelea huyajazia kwenye banda la kitimoto. Tena hakuanza juzi. Kwake mfupa ni mfupa.

Tangu siku hiyo Coletha hana usingizi. Mkaa wote ni mweusi, huu anaoufukia na ule uliomo ndooni mwa watu, na asiposema hakuna atakayejua. Mumewe, Jilala, alimshauri abadilishe mkaa wa watu kimya kimya yaishe, kwani kuna aliyeumwa tumbo? Shilingi elfu tano anazolipwa kwa kujaza ndoo moja ndizo mboga ya nyumbani. Lakini kinachomkosesha raha zaidi ni kitindamimba wa Mama Kamili, mwenye miaka minne.

"Nikisema, mtoto anarudi kwenye maji ya kisima. Nikinyamaza, nimemnywesha mama wa watu kitu alichokikataa. Sasa nitamtazamaje?"

Saa nne anajifunga khanga na kuvuka uwanja. Anaogopa, na hafichi.

Mama Kamili yuko barazani, anapepeta mchele. Coletha anatoa salamu, anaitikiwa, anakaribishwa kigoda. Hakai.

"Mama Kamili, ahadi niliyokupa nimeivunja. Kwenye ule mkaa kuna mifupa ya nguruwe. Nilikuwa sijui, lakini ndiyo hivyo."

Ungo unatua chini. Mama Kamili hapazi sauti. Anauliza tangu lini, anaambiwa yapata miezi miwili. Anainuka, anaibeba ndoo hadi nyuma ya nyumba, anamwaga kila kilichomo, kisha anaisugua kwa udongo na maji na kuisuuza, akirudia mpaka mara saba kama dini yake ilivyomfundisha. Coletha anataka kumsaidia kuchota maji. Anakatazwa kwa mkono.

Basi anabaki kuongea, maneno yakikimbizana. Atachukua mifupa kwenye bucha moja tu inayojulikana mchinjaji wake. Ataibeba mwenyewe. Kila gunia, kuanzia la kesho, litafunguliwa uwanjani mbele ya yeyote anayetaka kuona. Na nyumba zote zenye ndoo atazipitia leo hii hii, aseme kama alivyosema hapa.

Yule mdogo anakuja mbio kutoka kucheza, kiu imemshika. Anakuta ndoo haipo mahali pake. Anachukua kikombe, anachota kwenye mtungi wa maji ya kisima na kunywa. Coletha anageuza uso pembeni.

Mama Kamili anamtazama mwanawe mpaka kikombe kinaisha. Anaiinamisha ndoo juani ikauke, anafuta mikono kwenye khanga.

"Hilo gunia," anauliza, "kesho unalifungua saa ngapi?"