Mama alikatala kutia saini

Leo mama yangu amenifundisha sheria. Mi, mwenye diplome ya sheria!

Baruti ya mugodi ilipasua ukuta wa nyumba yetu. Basi asubui komisionere mumoja akakuja, yeye anatafutiaka batu avoka, ni kusema wakili, wa kushitaki mugodi. Kontra, mapatano ya kumupa avoka kesi yetu, ilikuwa tayari, yote Kifaransa.
Mi nikasoma mbio-mbio, nikamupa mama biki atie saini.

Mama akaiweka chini, akamugeukia komisionere.
"Tata, unisomee kwa Kiswahili. Yote."

Komisionere akasoma. Karibu na mwisho sauti yake ikashuka: tukitia saini, hatuna ruhusa ya kubadilisha avoka mpaka kesi iishe.
Weee! Ile mustari mi niliiruka. Haya ilinishika, jamani.

Mama, mwenye kuuzisha bunga, unga ya mahindi, ku soko, akamwangalia tu.
"Hata bunga yangu, mutu anaigusa kwanza njo anaibeba. Andika: nikiona avoka hafai, namuacha. Na kopi yangu inabakia hapa."

Komisionere akaandika, jasho ku uso.
Ku mulango akaniuliza polepole: "Mama yako alisomea sheria wapi?"

"Ku meza ya bunga, tata."

Sasa semeni ukweli: kati ya mi na mama, kesi yenu mungemupa nani?