Jino la Baba Mkwe Lilitoboka Mbele ya Wageni

Kosa ni langu, msinitafutie wa kumsingizia. Mimi ni fundi wa meno hapa Goma, na nilimharibia tabasamu mzee wa watu, tena baba wa mchumba wangu!

Mzee alipoteza jino la mbele siku ya volkano, alipojikwaa akikimbia na godoro kichwani. Tangu hapo alikuwa akiongea ameziba mdomo kwa mkono. Baadaye daktari akampandikizia nguzo ndogo ya chuma kwenye mfupa wa taya, nami nikapewa kazi ya kuchora jino la kufungwa juu yake kwa skrubu.

Kumbe nguzo imeinama. Nilipochora kwenye kompyuta, tundu la kupitishia skrubu likatokea usoni mwa jino badala ya nyuma, upande wa ulimi. Kuna kipande cha kugeuza njia ya skrubu, lakini huagizwa mbali, na kwa vita hivi barabara zilikuwa zimefungwa. Mahari ilikuwa Jumamosi. Nimwambie baba mkwe angoje? Thubutu! Nilitaka anione fundi. Daktari alipouliza kama mzee anajua habari ya tundu, nikasema anajua, nami sikuwa nimemwambia neno. Tukafunga jino, tukaziba tundu kwa dawa nyeupe, likang'aa. Jamani, kiburi!

Jumamosi nyumba yao ya Mabanga ilijaa wageni. Kwetu, kabla ya maneno ya ng'ombe, wazee hunywa pombe ya mtama kwa mirija. Baba mkwe akauma mrija, akavuta kwa raha zote, kisha akasita na kutema kitu cheupe kiganjani. Aliposimama kusema, kila mtu aliona tundu jeusi katikati ya jino. Nilitamani ardhi ipasuke tena, safari hii inimeze mimi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, Papa."

Nikamweleza yote, hadi kipande kilichokwama. Akakitazama kile kizibo, halafu akaangua kicheko, mdomo wazi, bila kuuziba kwa mkono. Nyumba nzima ikacheka naye. Mimi machozi yalinitoka.

"Mutoto yangu nitakupatia," akasema. "Lakini ile kipande ifike kwanza, jino itengenezwe. Mpaka siku ile, na weye utangojea."

Barabara bado zimefungwa. Mchumba wangu hunicheka kila nikiulizia magari. Mafundi wenzangu, mwambieni mgonjwa angoje, msije mkangoja nyinyi!